Besi ya Amandu Inapungua

Harufu ilimfikia Drateru kwanza. Alikuwa akikata nyanya nyuma ya banda lao la chapati pale Pajulu, akadhani mumewe ameunguza unga. Kuinua macho, loo, mkono wa kushoto wa Amandu umelala pembeni mwa kikaango, ngozi inafuka moshi, na mwenyewe anaongea na mteja, tena anacheka. Drateru akamvuta kwa nguvu mpaka mayai yakaanguka. Amandu akautazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akasema ni moto mdogo tu, hakuusikia.

Hakuusikia. Hilo ndilo lililomnyima Drateru usingizi, maana alikwisha kuliona lile baka jeupe juu ya kiwiko cha mumewe, na siku moja alilifinya kwa utani, mume hata asigeuke.

Sasa, huyu Amandu, ukimwacha mkewe, alikuwa na mapenzi mawili: chapati nyembamba na gitaa la besi. Kupiga alijifunza kwenye kwaya ya kanisani, na gitaa lake alilinunua Ariwara, ng'ambo ya mpaka, rangi imebanduka lakini shingo imenyooka. Wa namna yake walikuwa wengi pande za kwao, mafundi cherehani, walimu, madereva wa boda, watu wasiolipwa hata senti kwa muziki. Wakaunda kundi kwenye simu, wakaliita Nyuzi Nene. Kila Jumamosi mmoja wao huchagua wimbo anaoupenda, anauwasha kwenye spika, anaegemeza simu kwenye kopo la unga, anapiga besi yake juu ya wimbo ule, anarekodi na kuwatumia wenzake. Nao wanajibu kwa sauti. Kuandika sifa kulikatazwa, kwa kuwa mtu akikusifu unataka usikie koo lake.

Mkubwa wao alikuwa Kamisi, fundi cherehani wa Koboko, Mnubi mwenye sauti nzito na ulimi usio na huruma. Watu wa mbwembwe aliwachukia. "Besi si MC ya harusi," alizoea kusema. "Haina kazi ya kusema kila saa." Waliojaza wimbo kwa sauti nyingi aliwasema mpaka wakazima simu.

Kidole cha mwisho cha Amandu kilipoanza kulegea, akashindwa kubana ule uzi mnene wa juu. Jumamosi hiyo alirekodi, akafuta, akarekodi tena, mwishowe akaziruka sauti zilizomshinda. Alituma, akingoja kuambiwa kwamba amezeeka. Ujumbe wa Kamisi ukaja. "Bwana Amandu," akasema taratibu, "leo wewe iko mukubwa. Umejua kuacha nafasi."

Jamani, sifa ni tamu. Amandu aliusikiliza ujumbe ule mpaka Drateru akaukariri. Kidole cha pete kilipofuata, kikajikunja na kugoma kunyooka, akaruka sauti nyingine, na sifa zikazidi. Wenzake wakaanza kumwiga. Hebu fikiria, watu wenye vidole vizima, kutoka Adumi mpaka Koboko, wanajinyima sauti ili wafanane na mgonjwa! Naye akiwasikia moyo unatulia: kama wazima wanapiga hivi, basi na yeye ni mzima. Ndivyo alivyojidanganya, na kila wiki kimya kilikuwa kinaongezeka kwenye rekodi zake.

Drateru hakudanganyika. Alikwenda peke yake kituo cha afya, akaeleza habari za baka, za vidole, za moto. Nesi akamwambia huenda ni ukoma. Dawa yake ni vidonge, tena vya bure, na akishaanza kumeza hatamwambukiza mtu. Lakini aje mapema, maana mishipa ikishakufa vidonge haviifufui. Drateru akarudi akamweleza mumewe yote. Lile jina lilipotoka, Amandu akamziba mdomo kwa kiganja. Nani atanunua chapati za mikono hiyo? Nani ataketi naye mkeka mmoja? "Mimi iko naacha nafasi tu," akasema. "Hata Kamisi iko nasema." Drateru akalia mbele yake bila kujificha. Alimwogopea, akamkasirikia, akamwogopea tena.

Idi ilipofika, Kamisi akawaita wote nyumbani kwake Koboko, wapigiane ana kwa ana. Drateru akafuatana na mumewe. Uani palitandikwa mikeka, chai ikazunguka, kila mtu akapiga wimbo wake. Amandu aliwekwa wa mwisho, kwa heshima. Wimbo ukaanza kwenye spika. Vidole vyake vya kushoto vikalala kwenye shingo ya gitaa kama vitu alivyoazimwa. Akadonoa kwa mkono wa kulia, ikatoka kelele kavu ya uzi usiobanwa. Akajaribu tena. Kisha akaacha.

Hakuna aliyeshtuka, na hilo ndilo lililomtisha. Aliinua macho akawaona wamefumba yao, vichwa vinatikisika polepole, wanakifurahia kimya chake. Ubeti ukapita. Kiitikio kikapita. Mmoja akaguna kwa utamu. Angeweza kukaa hivyo mpaka wimbo uishe, akapigiwa makofi, akarudi Pajulu na mkono wake. Drateru alikuwa mlangoni pamoja na wanawake wa nyumba ile, anamtazama.

"Kamisi," Amandu akasema. "Mimi siachi kitu. Mkono iko nakufa."

Kamisi akafumbua macho. Akasogea mkekani, akaushika ule mkono, akaugeuza, akaliona kovu la moto. Sindano alikuwa nayo kwenye ukosi, kama mafundi wote. Akaichoma taratibu kwenye kidole cha mwisho, tone la damu likatokeza. Amandu aliiona ikiingia. Akangoja maumivu, hayakuja.

"Vidole vilianza kulegea lini?" Kamisi akauliza, na ile sauti yake nzito ilikuwa imepotea.

"Ile siku ya kwanza ulinisifu."