Satelaiti ilistaafu, Giheke wakasema mimi ndiye niliyezima picha

Wakuu, salamu kutoka Rusizi, Rwanda, mpakani na Kongo. Haya yamenipata mwenyewe, na anayebisha aje Giheke aulize fundi wa parabola, yaani dishi, ni nani.

Niliporudi kutoka Bukavu na diploma yangu ya elektroniki, watu walisema sitaweza kufunga hata antena ya redio. Eti nitaishia kuvusha maharage mpakani. Leo panda kilima chochote hapa uhesabu dishi. Nyingi ni kazi ya mikono hii.

Mtaji sikuwa nao. Mmoja alinikopesha dishi, mwingine kebo, na Mzee Gasana akanipa mabomba ya kusimamishia.

Mzee alikuwa dereva wa malori ya saruji, sasa miguu haimbebi. Nilipomuuliza nitamlipa nini, akasema:

"Mi sitake makuta yako. Unilipe misa. Kila dimanche."

Basi nikamfungia dishi, awe anaona misa ya Jumapili kwenye TV akiwa kitandani.

Satelaiti yetu ilikaa karibu juu ya vichwa vyetu, kilomita kama elfu thelathini na sita, ikizunguka sambamba na dunia, kwa hiyo kwako ni kama imesimama. Ndiyo maana dishi za huku zilitazama juu kama bakuli. Mvua ikinyesha zinajaa. Mafundi wengine wanapanda kumwaga maji, mimi natoboa tundu chini. Diploma hiyo, wakuu.

Lakini satelaiti ina transponder za kurusha picha, paneli za jua, betri, na pia fueli ya kujirekebisha isihame kwenye nafasi yake. Fueli ikikaribia kwisha, wenyewe wanaiacha iyumbe kaskazini na kusini.

Yetu ikafika huko. Picha inapotea, baadaye inarudi. Dishi kubwa zilianza kupoteza, maana dishi kubwa inalenga padogo zaidi.

Watu wakaniambia usoni: "Banasema unatuzimiyaka picha na telefone, tununue dishi zingine!"

Kisha wenye satelaiti wakaisukuma juu zaidi, kilomita mia kadhaa, wanakozipeleka zilizochoka, wakaizima. Giza.

Chaneli zikahamia satelaiti nyingine, inayoonekana chini upande wa magharibi. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kugeuza dishi, bila kudai hata senti. Wale wawili wa dishi na kebo nilikuwa nimeshawalipa. Alibaki Mzee.

Na kwake, magharibi yote imezibwa na mikaratusi ya jirani, Maman Riziki.

"Eeh fundi!" akanipokea. "Ulisemaka iko juu ya kichwa. Sasa hata satelaiti imeenda Kongo kwenye ulisomaka?"

Nikacheka kwa shida. "Maman, nikate matawi mawili tu."

"Gusa uone! Hii miti njo minerval ya batoto. Nikikosa kulipa shule, utabafundisha weye na diploma yako?"

Miti ni yake, na karo ni karo.

Nilikwenda kukaa na Mzee. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama dimanche inayofuata nayo itapita hivihivi. Wakuu, afadhali angenitukana.

Nikarudi kwa Maman. Safari hii sikuomba matawi, niliomba nafasi ya dishi uani kwake, ng'ambo ya miti.

"Na mie nitaona nini?"

"Atakachoona Mzee, na wewe utaona."

"Kumbe unajuaka kusema vizuri! Chimba, Papa."

Nikachimba, nikanunua kebo nzito ili signal isife njiani, nikaipitisha chini ya mikaratusi mpaka kitandani kwa Mzee.

Dimanche picha ikatulia. Nikaanza kumweleza nilivyopata angle, jinsi ambavyo fundi mwingine asingeweza.

Akaninyooshea mkono. "Mtoto wangu, nyamaza. Padri anasoma."

Siku hiyo nilimaliza kumlipa kila aliyenikopesha.

Nilichojifunza: ukimfungia mtu dishi, mwambie mapema kuwa hata satelaiti ina siku ya kustaafu. Mafundi wenzangu, kwenu ilipozimika mlifanyaje? Na wanaobisha, karibuni pia, nipo.