Bibi Minza na Ndama Wasiokuwepo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya kata ya Bukiriro, Ngara, mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, aliniambia, "Muuguzi, mgonjwa mzee usimwache bila kumuuliza leo ni siku gani, hapa ni wapi, na aliyemleta ni nani." Hicho ndicho kipimo cha utambuzi. Nilikishika kama sala. Nilikitumia Bukiriro, nikakitumia Mugoma, na nilipohamishiwa Biharamulo nikaenda nacho.

Kipimo ni kizuri, vijana wangu. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mzee akikosea, dawa yake ni kusahihishwa.

Huko Nyantakara nilikuwa natembelea wagonjwa majumbani. Ndipo nilipomkuta Bibi Minza, Msukuma aliyehamia na mumewe kutoka Shinyanga wakiswaga ng'ombe. Alikuwa na dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu kidogo kidogo. Si laana, wala si uzee tu. Kila alasiri aliinuka akafunge ndama. Ng'ombe walishauzwa zamani, na mumewe alishafariki.

"Nkwimba, ndama wangu umewapeleka wapi?" alimfokea mkwewe. "Mwizi we! Mwanangu ameoa fisi!"

"Na fisi huyo ndiye aliyekupikia ugali mchana, mama," Nkwimba alijibu, akijaribu kucheka.

Masanja, mwanawe, alinivuta pembeni. "Shikamoo, muuguzi. Mara mbili tumemkuta barabarani. Keshokutwa fundi anakuja kuweka komeo nje ya mlango wake. Nimfungie mama yangu kama mbuzi? Na nisipomfungia, atagongwa."

Nikaenda kumsahihisha. "Bibi, ng'ombe waliuzwa. Mzee alishafariki."

Alilia kama aliyepokea msiba saa ile ile. Alipokwisha kunywa uji nilimuuliza analilia nini. Hakujua. Lakini machozi hayakukoma, na Nkwimba alipomshika mkono, Bibi alimtandika mwiko.

Nilirudi nimenywea. Mratibu wa afya ya akili wa wilaya, mama mcheshi asiyekaripia mtu, alinisikiliza hadi mwisho.

"Habari uliyompa imepotea," alisema. "Huzuni uliyompa imebaki. Tukio ubongo wake haulishiki tena, ila hisia inakaa. Na ile breki ya hasira imelegea, ndiyo sababu ya mwiko. Sasa jiulize, kwa hao ndama alikuwa akipata nini?"

"Maziwa?"

"Mimi Mhaya wa migombani, nitajuaje? Kamuulize mkwewe!"

Nkwimba alijua. Ndama wakishafungwa na ng'ombe wakakamuliwa, wanawake wa kwao huketi na kibuyu wakasukasuka maziwa hadi siagi ijitenge. Ndiyo saa yao ya kupumzika na kupiga soga. Alasiri iliyofuata Bibi alipoinuka, hatukumbishia.

"Mama, yule ndama mkubwa alikuwa na rangi gani?" Nkwimba aliuliza.

"Mweupe, tumbo jeusi. Mkorofi kama wewe."

Nkwimba akampa kibuyu chenye maziwa ya kwa jirani. Bibi akaketi, akakipakata, akaanza kukitikisa huku akiimba kwa sauti ya chini. Masanja alimtazama mpaka jua likapungua ukali. Kisha akampigia fundi simu, akamwambia asije.

Haikuwa hivyo kila siku. Siku nyingine kibuyu kilirushwa ukutani. Lakini alasiri nyingi zilikuwa njema. Baadaye Bibi hakulijua hata jina la Nkwimba. Hata hivyo, Nkwimba akienda kisimani, Bibi alihangaika, na akirudi, alisogea kwenye mkeka ampishe akae.

Sasa nimestaafu, nalima maharage Mugoma, nami nimeridhika. Wauguzi wapya wakinijia, nawaambia waendelee kuuliza siku na mahali. Kisha chini ya majibu waandike: leo amecheka, alikuwa na nani, walikuwa wakifanya nini. Siku mzee wao atakaposhikwa na hofu, mstari huo ndio utakaowaambia wamwite nani.