Mbingu ya Picha Ndefu ya Bibi Nyasinde

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa beseni. Nilitoka Buhare kwa miguu, nimevaa gauni la kanisani, elimu yangu darasa la nne, nikidhani nitakaa mbele niandike majina ya wateja. Mwenye Studio, mzee wa hapo Musoma mjini asiyependa maneno mengi, akanipeleka chumba cha giza, akasema picha zisuuzwe mpaka utelezi wa dawa uishe. Nilisuuza miaka miwili. Mikono ilibabuka, lakini macho yalikuwaga yanaiba kazi.

Kazi niliyoiba ni ya picha ndefu. Nyie leo mnazungusha simu, picha inatoka. Sisi, ukoo ukijipanga uwanjani watu sitini, kamera ilikuwa haiwezi kuwameza wote. Mpiga picha alisimamisha kamera kwenye miguu mitatu, akapiga upande wa kushoto, akageuza kidogo, akapiga tena, mpaka mstari uishe. Kila kipande kilirudia kidogo mwisho wa kilichotangulia, tupate pa kuungia. Tulikata kwa wembe tukifuata mti au kona ya nyumba, tukasugua ukingo kwa msasa laini mpaka ukawa kama ganda la kitunguu, tukabandika kwenye ubao.

Watu waliungana vizuri. Mbingu ndiyo ilituaibishaga. Upande wa jua nyeupe, upande wa pili kijivu, ukiunganisha unapata shuka lenye viraka. Dawa yake tuliita kuchoma, na hakuna moto hapo. Taa ya mashine inapita kwenye filamu, inamulika picha juu ya karatasi. Wewe unawafunika watu kwa kadibodi, mbingu inaendelea kula mwanga. Ikila zaidi inakuwa nyeusi zaidi, ukiinyima inabaki nyeupe. Na kadibodi uitikisetikise, la sivyo inaacha mstari. Niliporuhusiwa kujaribu, saa ya ukutani sikuiamini. Nilihesabu kwa mwendo wa mchi kwenye kinu, ambao naujua tangu mtoto. Mwenye Studio alinisikia nikihesabu kwa Kijita, lugha ya kwetu, gizani, akacheka. Alipoona mbingu yangu imetulia, wiki hiyo hiyo akanipa brashi ya kufichia viungo.

Baadaye alinihamishia tawi la Bunda, pale Kabasa, chini ya Meneja wa Tawi. Kijana msomi, tai haimtoki shingoni. Alipenda mbingu nyeupe kama sahani. Wingu kwake lilikuwa uchafu.

Ndipo akaja mkulima mmoja wa pamba. Mama yake, Bibi Nyasinde, alikuwa amezeeka, jicho moja limeshakufa na la pili linafifia, na alitaka auone uzao wake wote kwenye ukuta mmoja kabla giza halijamfika. Walipigwa vipande vinne. Kufika cha nne, wingu la mvua lilikuwa limeshawafunika. Meneja akasema nilisafishe. Nikainyima mbingu mwanga, ikatoka nyeupe mwanzo mpaka mwisho, na Meneja akanisifu mbele ya wateja.

Bibi aliletwa amepakiwa kwenye baiskeli. Alisogeza picha mpaka puani, akatembeza kidole kutoka kushoto akitaja majina. Upande wa kulia kidole kikasimama.

"Hawa wanakimbia nini?"

Nami ndipo nikawaangalia watu. Wanawake wameshika magauni yasipeperuke, wanaume wametazama juu, mtoto kafunikwa kitenge kichwani. Juu yao, weupe mtupu.

"Mvua ilikuwa inakuja, bibi," nikasema.

"Iko wapi? Mmenifanyia wajukuu vichaa."

Mwanawe alicheka, yeye hakucheka. Alisema mwaka ule mvua ilichelewa, pamba inanyauka, na ilipotokea ile siku walijua hawatalala njaa. Hiyo ndiyo siku aliyotaka kuitazama. Picha akaiacha mezani.

Meneja aliniita pembeni. Hakukumbuka kwamba ameagiza yeye.

"Wegesa, karatasi kubwa zimebaki nne. Ukiharibu hata moja, unarudi Musoma kwenye beseni."

"Beseni nalijua, Meneja. Nipe karatasi."

Vipande vinne, karatasi nne. Mbingu ilibidi isafiri: kushoto nyeupe, inaingia kivuli kidogo kidogo, mpaka kulia wingu lenyewe na tumbo lake limejaa. Mwisho wa kila kipande ufanane na mwanzo wa kinachofuata. Kwa hiyo kadibodi sikuitikisa tu, niliisogeza pia upande upande, nahesabu mchi. Kipande cha tatu kilinitoa jasho, maana kinaanza mchana na kinaishia mvua. Siku hiyo sikula. Palipobaki alama ya kiungo nilipapasa kwa brashi yenye wino mwepesi kama chai ya maskini.

Bibi Nyasinde aliporudi, jicho lilikuwa limefifia zaidi. Kidole kikatembea taratibu, na kulia akaweka kiganja kizima juu ya wingu.

"Eeh. Inakuja," akasema. Halafu akauliza huyo wa kwenye kitenge ni nani. Akaambiwa ni kitukuu chake cha mwisho, akacheka mpaka akakohoa.

Meneja hakuniomba radhi. Ila tangu hapo, ikiletwa picha ndefu, aliulizaga kwanza: "Wegesa, mbingu tuifanyeje?"

Miaka mingi baadaye, kompyuta ilinikutia tawi la Butiama, chini ya Mkuu wa Studio ambaye ningeweza kumzaa. Alinifundisha kushika mausi, mimi nikamfundisha kuangalia watu wametazama wapi kabla hajagusa mbingu. Tuliletewa kazi mpaka kutoka kata ya Buswahili.

Nimestaafu kwa sababu ya macho, siyo kwa kushindwa. Mjukuu wangu anasema simu inasawazisha yenyewe, na kweli inasawazisha, nimeiona. Sina neno nayo. Lakini ukiingia nyumba ya watu huko Bunda ukakuta picha ndefu ya ukoo ukutani, simama utafute kiungo. Ukikosa kukiona, ujue hapo nilipita mimi.