Mwewe wa Fedha na Barabara ya Balambala

Dubow alizikwa Jumanne hapa Garissa, kabla ya adhuhuri. Alikuwa dereva wa lori la mifugo maisha yake yote. Nilishika jeneza upande wa kushoto, na watu walinipisha kwa sababu ya umri wangu. Hawakujua kwamba tuliyekuwa tukimzika ndiye mtu pekee aliyebaki, mbali na mimi, aliyejua jinsi dada yangu Habiba alivyokufa. Miaka mingi iliyopita nilijaribu kumshukuru kwa kunyamaza. Akanijibu, "Mimi sikuona kitu. Nilikuwa naangalia mbuzi wangu." Hakulitaja tena mpaka alipofukiwa.

Nilipokuwa nikitoka makaburini nilielewa kwamba sasa nikifa, jambo lile litakufa nami. Na jina langu lilikuwa limeshaandikwa kwa safari ya Hijja ya mwaka huu. Desturi yetu, anayekwenda Makka huzunguka kwa jamaa na majirani akiomba msamaha. Husema: nisamehe nilichokukosea, unachokijua na usichokijua. Anayeombwa hujibu papo hapo kwamba amesamehe, dunia na akhera. Haulizi kosa ni lipi. Kuuliza ni kukosa adabu. Nilikuwa nimeshazunguka Garissa nzima. Alibaki mmoja, Halima, binti wa Habiba, aliyeko Balambala. Nikakata shauri kwenda.

Alhamisi, saa moja asubuhi. Pikapu ya Kalif ilikuwa imepakia unga, mafuta ya kupikia na matangi mawili ya plastiki. Kalif ni kijana wa kwetu, mwenye meno mekundu na mdomo usiotulia. Kwenye kiti cha mbele alikuwepo mwalimu Mutua, mtu wa Kitui anayefundisha shule ya msingi Balambala. Kwa ajili yake tulizungumza Kiswahili njia nzima.

"Mwalimu, wewe kaa katikati," Kalif alisema. "Huyu mzee ni haji. Haji anakaa dirishani."

"Bado sijawa haji," nilimwambia.

"Basi kaa dirishani ujaribu."

Kwenye kizuizi nje ya mji, askari alitazama vitambulisho vyetu, akatazama tairi za Kalif, akauliza kama gari lile litafika. "Afande," Kalif akasema, "hii barabara ni mbaya, lakini gari yangu ni mbaya zaidi. Wanaogopana." Askari alicheka akatupisha.

Saa mbili na nusu, Sankuri. Mto Tana ulikuwa upande wa kushoto, nyuma ya miti, na mashamba ya ndizi yalikuwa na vumbi hadi kwenye majani. Mvua ilikuwa haijanyesha msimu huu. Mizoga ya ng'ombe wawili ililala kando ya njia, ngozi imekauka juu ya mbavu. Mwalimu Mutua, labda ili asiitazame, aliniuliza kuhusu gari.

"Mzee, pale Balambala kuna gari bovu kwa Halima Balozi. Nasikia lilikuwa lako. Ni kweli lilikuwa la balozi?"

Ni kweli. Jina la kampuni iliyolitengeneza silitaji, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Nilimweleza mwalimu kama nilivyozoea kuwaeleza watu zamani, na nilishangaa kwamba nakumbuka kila kitu. Gari lilikuja na kijitabu cha karatasi nzito, nami nilikisoma kama nilivyosoma vitabu vya mtihani nilipokuwa kidato cha nne. Kampuni ilianzishwa Ulaya na ndugu wawili waliokuwa mafundi wa saa. Walitaka kutengeneza gari ambalo abiria hasikii ila mlio wa saa iliyo mbele ya dereva. Wafalme walilipanda. Baadaye magavana walilileta Afrika, na magavana walipoondoka marais wakarithi. Mbele, juu ya boneti, kulikuwa na mwewe mdogo wa fedha aliyetandaza mabawa. Kijitabu kilisema hakuna mwewe aliyewahi kumwacha mwenye gari njiani. Gari langu lilikuwa la balozi mmoja Nairobi, kisha la mfanyabiashara, kisha likawa langu mimi, mchuuzi wa ng'ombe. Garissa nzima waliliita Balozi.

"Lilikuwa tulivu hivyo kweli?" mwalimu aliuliza.

"Niliweka glasi ya chai ya maziwa juu ya boneti, injini ikiwaka, sokoni, watu wakitazama. Haikumwagika hata tone."

"Ya kwangu ukiweka chai," Kalif alisema, "boneti ndiyo inamwagika."

Tulicheka wote watatu. Sikuwaambia kwamba nilifanya hivyo kila siku ya soko, kwa miezi. Sikuwaambia kwamba nilianza kuwasalimu watu nikiwa ndani ya gari, kioo nimekiteremsha nusu.

Saa nne hivi, kabla ya kufika Saka. Tuliteremka kwenye laga, mto wa msimu usio na maji isipokuwa wakati wa mvua. Siku hizi wameweka zege chini. Kalif alivuka bila kupunguza maneno. Nilihesabu: hata dakika moja haikufika.

Hapo ndipo jambo lile lilipotokea. Nitalieleza hapa mahali pake, ingawa siku ile ya Alhamisi nilinyamaza.

Miaka thelathini na moja iliyopita nilikuwa Balambala na gari langu, nimekwenda kumsalimia Habiba na mumewe, na kwa kweli nimekwenda kuonekana. Habiba akashikwa na uchungu. Alfajiri mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Garissa mara moja. Tukamlaza kiti cha nyuma, mkunga pamoja naye. Mumewe alikuwa malishoni na ngamia. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye laga hii, gari la wafalme lilikalia tumbo kwenye tope, na kila nilipokanyaga mafuta lilizama zaidi. Lilikuwa gari la barabara za lami. Mtu yeyote wa huku angelijua hilo kwa kulitazama tu.

Haukupita muda, Dubow akafika na lori lake, mbuzi wamejaa nyuma. Lori lake lilivuka. Alisimama ng'ambo, akashuka, akaja kwa miguu ndani ya tope. "Mlete dada," alisema. "Nitawashusha vijana wangu wawili, akae mbele na mkunga."

Nilikataa. Nilimwambia dada yangu hatapanda lori la mbuzi wakati gari hili lipo. Niliyasema hayo kwa sauti, mbele ya wale vijana wawili waliokuwa wamemfuata, kwa kuwa niliona wametazama magurudumu yangu wakatabasamu. Habiba alinyanyua kichwa kwenye kiti. Alisema, "Walaal, nipandishe tu." Ndugu yangu, nipandishe tu. Nikamjibu, "Ngoja kidogo. Linatoka sasa hivi."

Dubow alingoja saa nzima. Mbuzi wakaanza kukanyagana na kufa, akaondoka. Halima alizaliwa kwenye kiti kile jua likiwa utosini. Damu ya mama yake haikusimama. Alasiri, wachungaji walituvuta kwa kamba na ngamia. Habiba alikata roho tulipokaribia Sankuri, miti ya mto ikionekana.

Kwenye matanga niliulizwa kama hakukuwa na gari lingine. Nikasema hakukuwa. Mkunga alinitazama, akainamisha kichwa. Alikuwa mwanamke mzee, mgeni, naye alikufa mwaka ule ule; wale vijana wa lori nao walifariki kabla ya Dubow. Watu wakasema ni amri ya Mungu, na kwamba nilitoa gari la balozi lichafuke damu kwa ajili ya dada yangu. Sifa hiyo nikaipokea. Gari nikamwachia shemeji yangu, nikisema ni kwa heshima ya marehemu. Ukweli ni kwamba sikuweza kuliendesha tena.

Saa sita, Balambala. Halima ana hoteli ndogo ya mabati karibu na soko la mbuzi. Baba yake alishafariki. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mama yake, na aliponiona alipaza sauti hiyo hadi barabarani.

"Abti! Abti wangu amekuja! Ondokeni kwenye kiti hicho, mwenye kiti amefika!"

Abti ni mjomba. Kiti alichokuwa akikisemea ni cha mbele cha gari langu, cha ngozi, sasa kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Viwili vilikuwa hapo hotelini, kwa ajili ya wageni wa heshima. Mwili wa gari uko nyuma ya nyumba, hauna milango. Kuku hutagia ndani. Kiti cha nyuma ameking'oa, anakiweka ndani ya nyumba, hakikaliwi na mtu. Na juu ya rafu, kati ya mikebe ya majani ya chai, alisimama mwewe wa fedha, amesuguliwa hadi anang'aa.

Wateja walikuwa wanne au watano. Halima aliwaambia, huku akinimiminia chai, kana kwamba hawajaisikia mara mia: "Huyu ndiye. Mimi nilizaliwa ndani ya gari ya balozi. Nyinyi mmezaliwa juu ya mikeka."

"Na bado unauza chai," mzee mmoja alimtania.

"Nauza chai kwenye viti vya wafalme. Wewe unakalia nini? Ndoo."

Baada ya chakula nikamwambia nakwenda Makka, nikatamka maneno ya desturi. Sikuwa nimemaliza, akanishika mkono. "Nimekusamehe, Abti, dunia na akhera. Unachokijua na usichokijua. Nawe unisamehe."

Ilikuwa rahisi hivyo. Ningeweza kurudi na pikapu ya jioni. Nilisema nimechoka, nitalala.

Ijumaa, baada ya alfajiri. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama mbele ya gari. Mahali pa mwewe palikuwa na matundu mawili yenye kutu. Nilijiambia kwamba Halima ana furaha, kwamba nitamnyang'anya kitu na sina cha kumpa badala yake. Hayo ni maneno mazuri. Lakini nilijua ni yale yale ya siku ile, ya kulinda gari.

Hoteli ilikuwa imefunguliwa, hakuna mteja. Halima alikuwa anapuliza moto. Nikamwambia, "Msamaha wa jana niliuiba." Nikamweleza yote, kama nilivyoyaandika hapa. Nilipofika kwa Dubow, aliacha kupuliza. Nilipomaliza, aliuliza swali moja.

"Mama alisema nini?"

"Alisema, nipandishe tu."

"Kwa lori?"

"Kwa lori."

Wateja wawili waliingia. Aliwamiminia chai, akawapa mahamri, akapokea salamu zao. Kisha akapanda juu ya ndoo, akamtoa yule mwewe rafuni, akaja akamweka mapajani mwangu.

"Miaka yote nilikuwa nikimsugua kwa majivu," alisema polepole, wateja wasisikie. "Nilidhani ni kitu cha mama."

"Halima, mwanangu, nisamehe."

"Ule msamaha wa jana nauondoa, Abti. Niliutoa kwa mtu mwingine." Akaificha mikono yake ndani ya shuka. "Makka, nenda au usiende, hilo ni lako na Mola wako. Kwangu mimi, ngoja."

"Mpaka lini?"

"Mama alingoja tangu asubuhi mpaka alasiri. Wewe hujamaliza hata chai."

Saa mbili asubuhi, njia ya kurudi. Kalif alikuwa peke yake. Tulipofika kwenye laga nilimwomba asimame. Nilishuka nikiwa na mwewe mfukoni. Nilikusudia kumfukia kwenye mchanga, nikachutama, nikaanza kuchimba kwa mkono. Nikaona kwamba hata hapo nilikuwa natafuta pa kuficha. Nikarudi garini naye.

"Mzee, umepoteza kitu?" Kalif aliuliza.

"Hapana. Twende."

Kwa mara ya kwanza hakutania.

Garissa. Ijumaa ile ile, baada ya sala, niliwaambia wanangu. Jumapili niliwaambia watoto wa Dubow, wajue baba yao alisimamisha lori. Imamu aliniambia Hijja haizuiwi na jambo hili. Najua. Nimeomba jina langu liwekwe mwaka mwingine, kwa kuwa safari niliyoianza haijaisha.

Niliyojifunza si mengi. Nilidhani sifa ya gari ingekuwa yangu nikilinunua, na niliipenda sifa hiyo kuliko sauti iliyokuwa ikiniita kutoka kiti cha nyuma. Wale ndugu mafundi wa saa walifanya kazi yao vizuri. Siku ile kweli sikusikia kitu ndani ya gari lao.

Mwewe yuko juu ya meza yangu. Simsugui. Ameanza kuwa mweusi.

Kila Alhamisi Kalif hupita hapa kabla ya kwenda, na kila Ijumaa akirudi husimamisha pikapu mlangoni. Namuuliza kama kuna salamu, naye hutikisa kichwa. Wiki iliyopita hakuondoka mara moja. Alisema viti vya ngozi havipo tena hotelini. Wateja wanakaa kwenye mabenchi. Na mzee mmoja alipomwita Halima Balozi, alimkataza mbele ya watu.

"Anataka aitwe nani?" niliuliza.

"Halima Habiba."

Nikamwambia Kalif asimame tena Ijumaa ijayo.