Nusu ya Boya

Hivi jamani, siku hizi za soko huria, maduka yote ya Lindi yamejaa vitu vipya, ningejuaje kwamba kampuni yenye meli kubwa vile inakarabati boya bovu?

Kazi yangu ni kutunza yadi yao. Waliposhusha yale maboya makuukuu yanayovishwa bomba la gesi kulipunguzia uzito kilindini, kila boya nusu mbili zinazolikumbatia bomba, nusu moja ilikuwa na ufa na imegandwa na chaza. Nikaona takataka. Tena ilivyopinda kama paa, nikaona banda la kuku. Nikaipakia kwenye mkokoteni, nikampelekea mama mkwe kule Mitwero.

Wiki iliyofuata mhandisi akaja anahema. "Nusu moja haipo! Tunaziba nyufa, yote yanarudi baharini. Bila hiyo, bomba haliteremki!"

Ningesema pale pale, yangeisha. Mimi na mdomo wangu nikawalaani wezi, nikajitolea kumwongoza kuwasaka, nikamzungusha kila mtaa isipokuwa ule wa mama mkwe. Wakati wa kurudi gari likapata pancha. Wapi? Mitwero, mbele ya mlango wa mama mkwe!

"Shikamoo, mama," nikasema, huku namkonyeza. Mama mkwe mzima, astaghafirullah!

"Marahaba, mkwe wangu. Kumbe huyu ndiye bosi wako?" Akamshika mhandisi mkono, akamvuta mpaka uani, kwenye kuku. "Ahsante sana, baba, kwa banda. Kuku wametulia humo. Sasa ile nusu nyingine utaniletea lini?"