Watumiaji Wasio na Meza

Baada ya serikali kuruhusu watu binafsi kununua pamba, nilipata kazi katika kiwanda kipya cha kuchambua pamba pale Bariadi. Ofisini mwanamke nilikuwa peke yangu, na seva ya Linux, kompyuta kuu ya kiwanda, ilikuwa mikononi mwangu. Kumbukumbu zote za mizani, za wakulima wa Zagayu hadi Shishiyu, zilikuwa humo.

Siku moja meneja mpya, aliyeletwa kutoka Dar, alitaka nimchapishie orodha ya akaunti za watumiaji wa seva. Akapigia mstari mwekundu zaidi ya nusu.

"Dada, hawa ni nani? Sijawaona hata siku moja, hawana hata meza. Wafute, pamoja na folda zao."

Nikamweleza kwamba hao si watu, ni akaunti za mfumo. Moja inaendesha printa, nyingine hifadhidata. Nyingi hazihitaji kabisa folda ya nyumbani, yaani folda yake yenyewe ya kuwekea mafaili. Ila ya hifadhidata, hiyo folda yake ndiyo yenye kumbukumbu zote za mizani. Ikifutwa, pamba ya msimu mzima haina mwenyewe.

"Unanifundisha kazi?"

"Ndiyo, bosi. Hii nakufundisha."

Akaandika barua ya onyo, akataka nisaini. Sikusaini. Akasema basi nimpe paswedi, afute mwenyewe. Nikamwambia aandike kwanza kwamba agizo ni lake, na wakulima wakija aongee nao yeye, tena kwa Kisukuma.

Hakuandika. Akanisimamisha kazi.

Nyumbani mama alinisihi nikaombe radhi. "Mayu," nikamwambia, "kwa hili siombi."

Wiki ya pili meneja akaita fundi kutoka Mwanza. Fundi akaisoma ile orodha, akakataa kufuta, akamweleza yaleyale niliyomweleza mimi. Nikaitwa. Nilirudi kwa sharti moja: barua ya onyo itolewe kwenye faili langu. Ikatolewa mbele ya macho yangu.

Ndipo nikafanya ilivyopasa. Akaunti za mfumo zisizohitaji folda nikaziondolea, nikazifungia zote mtu asiweze kuingia kwa majina yao. Ya hifadhidata nikaiacha na folda yake palepale.

Tangu hapo meneja akazoea kupita asubuhi akinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa lafudhi ya Pwani. Nilimwitikia. Radhi hakuniomba, wala sikuwa naisubiri.