Nyutroni Zilizotoroka

Nyumbani walimwita Mama Sekunde, jina alilobandikwa na wifi yake siku aliposema kwamba kazi yake ni kupima umri wa nyutroni. Nyutroni ni chembe iliyomo ndani ya kiini cha atomu. Ukiitoa humo haidumu. Kwa wastani hufa baada ya robo saa hivi.

"Sasa wifi, na zikifa mnazika?"

"Tunahesabu zilizobaki."

"Haya, kazi za watu!"

Na kazi yenyewe ilikuwa hiyo hasa. Walizifungia nyutroni katika chombo cha chuma, wakasubiri, kisha wakahesabu zilizosalia. Ila binadamu ni yule yule hata avae koti jeupe: akitamani jibu fulani, mkono humvutia huko. Kwa hiyo saa ya mitambo ilichezewa makusudi, na aliyejua imepotoshwa kwa kiasi gani ni mhasibu wa chuo peke yake, mtu asiyezijua nyutroni wala asiyetaka kuzijua. Angekitaja kiasi hicho siku ya mwisho, mbele ya wote, wapate umri wa kweli.

Siku moja kabla, Mama Sekunde alipokuwa akisafisha chombo, alipitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko akakuta umepinda. Palikuwa na mwanya. Mwembamba, lakini nyutroni haihitaji mlango. Zilizotorokea hapo zote zilikuwa zimehesabiwa maiti. Kusema ni kuanza upya, na Profesa, mkuu wa jaribio hilo, aliyemlea kikazi tangu akiwa mwanafunzi, alikuwa anastaafu. Roho ilimuuma. Akajitafutia njia ya katikati, na hapo ndipo alipoteleza: namba ikitoka mbaya, nitasema.

Kesho yake mhasibu akataja kiasi chake. Profesa akapiga hesabu ubaoni, akageuka machozi yakimlengalenga. Namba ilikuwa nzuri ajabu, imekaa pale pale walipoitamani. Watu wakapiga makofi. Mhasibu naye akapiga, asijue anashangilia nini.

Mama Sekunde aliona aibu, aibu ya kweli: naye alikuwa ameiachia namba imwamulie aseme au asiseme.

"Profesa," akasema, "kifuniko kimepinda. Zilikuwa zinatoroka."

Makofi yakakatika. Mzee hakuuliza kimepinda kiasi gani, wala upande upi.

"Umegundua lini, binti yangu?"

"Jana," akajibu, na mzee akaanza kufuta ubao.